Nduthi Yako Inalia? Jua Kama Ni Klachi Ama Cheni Kabla Fundi Akuoshe Mfuko

Saa kumi na mbili asubuhi. Umetoka Kayole umebeba mathe wa mitumba anawahi Gikomba. Umepita Manyanja Road, umekata Outering, umeingia Jogoo Road, na hapo ndio unaskia: kla-kla-kla-kla. Unapunguza mafuta, inatulia kidogo. Unaongeza, inarudi. Mathe nyuma anauliza, "Kijana, hii kitu itatufikisha?" Unamjibu "usijali mathe", lakini kichwani ushaanza kupiga hesabu.

Ukirudi base, kila mtu ni fundi. Mmoja anasema ni klachi. Mwingine anasema ni giaboksi. Wa tatu anakuambia uuze hiyo kitu ununue ingine. Fundi mwenyewe anakuja, anapiga kiki mara moja, anatingisha kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: "Hii ni klachi, buda. Lazima tufungue injini."

Siku imeisha hivyo. Umenunua pleti mpya, gaskiti mpya, oili mpya, na umelipa kazi ya mkono. Pesa ya mkopo ya leo haijapatikana. Alafu jioni nduthi inawashwa, unaingia barabarani, na kla-kla bado iko palepale! Shida ilikuwa cheni imelegea. Kitu ya dakika kumi na spana mbili.

Tunaandika hii story ndio usikuwe huyo mse. Haitakufanya fundi, lakini ukimaliza kuisoma utajua kuskiza nduthi yako, na utajua swali la kuuliza kabla mtu aguse hata bolti moja.

Siri ni moja: sauti inafuata nini?

Wengi wetu tukiskia kelele tunauliza, "Inalia aje?" Hilo ni swali zuri, lakini si la kwanza, juu kelele ya "kla-kla" ya cheni na ile ya klachi zinaweza kukaa mapacha ukiwa kwa jam ya Donholm na matatu inakupigia honi kwa maskio.

Swali la kwanza ni: hii sauti inafuata nini? Inafuata mzunguko wa injini? Inafuata mkono wako kwa leva ya klachi? Ama inafuata mwendo wa gurudumu? Ukijua hiyo, tayari umeondoa nusu ya spea kwa ile list ya fundi.

Ndio uelewe, wacha tuangalie venye nguvu inasafiri.

Kutoka kwa injini mpaka kwa tairi

Nduthi nyingi mtaani, iwe Boxer, TVS ama ndugu zao za 100cc mpaka 150cc, zimeundwa kwa njia moja. Injini inazungusha gia ndogo. Hiyo gia inazungusha kapu la klachi. Ndani ya kapu kuna pleti. Pleti zinapeleka nguvu kwa giaboksi. Giaboksi inazungusha sproketi ndogo ya mbele. Sproketi inavuta cheni. Cheni inavuta sproketi kubwa ya nyuma. Alafu kati ya hiyo sproketi kubwa na gurudumu kuna raba, zile zinaitwa raba za habu, kazi yao ni kumeza mshtuko.

Klachi yenyewe ni kama chapati zimepangwa kwa sahani. Moja ni ya chuma tupu, inayofuata imebandikwa vitu vya kushika, alafu chuma tena, hivyo hivyo mpaka juu. Springi zinazikandamiza zishikane. Ukivuta leva, springi zinafinywa, chapati zinaachana, nguvu inakatika. Ukiachilia, zinashikana, unaenda. Hizo chapati zote zinaoga kwa oili ya injini, oili ile ile moja inayolainisha injini na gia. Hii kumbuka, tutairudia.

Sasa ona kitu muhimu. Kila kitu kilicho kabla ya klachi kinazunguka ilimradi injini iko on, hata kama nduthi imesimama. Kila kitu kilicho baada ya giaboksi, yaani sproketi, cheni, raba za habu na beringi za gurudumu, kinazunguka tu nduthi ikitembea. Kwa hivyo kelele inayotoka nduthi ikiwa imesimama kwa free haiwezi kuwa cheni. Haiwezekani, cheni imelala. Na kelele inayoendelea hata baada ya kuzima injini ukiteremka mteremko ukiwa free haiwezi kuwa taiming ama valvu. Hesabu ni hiyo tu.

Vipimo vitatu, bila kufungua kitu

*Kipimo cha kwanza: imesimama, injini on, iko free.*

Tafuta mahali pametulia, si kando ya nganya yenye muziki. Wacha injini ipate joto kidogo. Skiza. Alafu vuta leva ya klachi pole pole mpaka mwisho, uiachilie pole pole. Fanya hivyo mara tano.

Kama kelele inapotea ama inabadilika sana ukivuta leva, shida iko upande wa klachi ama beringi ya giaboksi. Mara nyingi ni kapu la klachi limelegea, ama meno ya kapu yamechimbwa na pleti kwa sababu ya miaka mingi ya kazi. Lakini usishtuke mbio: klachi ya kuoga kwa oili huwa na kamlio kadogo ikiwa imepata moto na injini inapumua chini. Kama kamlio kamekuwa hapo tangu ununue na hakaongezeki, wacha kalale.

Kama kelele inaanza ukivuta leva, na inaisha ukiachilia, hiyo mara nyingi ni ile beringi ndogo inayosukuma klachi ifunguke. Ni spea ndogo. Hapo kweli kifuniko cha klachi kitafunguliwa, lakini usikubali kuuziwa klachi nzima kabla pleti zikaguliwe.

Kama kelele haibadiliki kabisa, uvute leva ama usivute, wachana na klachi. Inafuata injini. Hapo fundi aangalie valvu kwanza, alafu cheni ya taiming.

Kuna ujanja mmoja wa wazee wa garage: chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwa kifuniko cha injini, weka mpini karibu na skio. Inakuwa kama kile kifaa cha daktari cha kuskiza kifua. Kwa Boxer na TVS nyingi klachi iko upande wa kulia, cheni iko upande wa kushoto. Sogeza bisibisi pole pole uskie kelele inazidi wapi. Usiipeleke karibu na kitu chochote kinachozunguka.

*Kipimo cha pili: injini imezimwa, stendi ya kati, iko free.*

Zima injini. Tunarudia: ZIMA INJINI. Kuna wasee wamepoteza vidole kwa sababu waliosha cheni nduthi ikiwa kwa gia ili izunguke yenyewe. Cheni na sproketi hazina huruma, na kidole hakina spea Kirinyaga Road.

Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Skiza na uhisi. Linazunguka laini? Linakwama mahali alafu linaachilia? Kuna kitu kinasaga kama mchanga? Sasa shika tairi juu na chini, ulisukume huku na huku. Likicheza, beringi za gurudumu zimeanza kwenda, ama za ile forki inayoshika gurudumu la nyuma.

*Kipimo cha tatu: inatembea, bila abiria.*

Tafuta barabara tupu asubuhi mapema ama Jumapili. Enda kama kilomita 30 mpaka 40 kwa saa. Alafu vuta klachi, achilia mafuta, wacha nduthi iteleze yenyewe. Kofia iwe kwa kichwa, macho yawe mbele.

Kama kelele inaendelea vilevile, na inapungua pole pole pamoja na mwendo, inafuata gurudumu. Angalia cheni, sproketi, beringi za gurudumu, hata breki za nyuma. Kama inakatika saa ile ile umevuta klachi, basi inafuata injini ama inafuata mzigo. Hapa chunga: cheni iliyoisha inaweza kulia tu wakati inavutwa kwa nguvu, kwa hivyo usiitoe kwa list bado.

Sasa tuongee sauti moja moja

1. Kla-kla-kla ukiwa kwa mwendo mdogo ama ukiachilia mafuta

Hii mara nyingi ni cheni imelegea, inapiga chuma na kifuniko chake. Pima hivi: katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, sukuma cheni juu na chini kwa kidole. Kwa nduthi nyingi za kazi inafaa icheze kama sentimita 2 mpaka 3. Kipimo kamili kiko kwa kitabu cha nduthi ama kwa stika. Zungusha gurudumu upime mahali tatu ama nne, juu cheni haiishi sawa pande zote. Panga ukitumia mahali ilipokaza zaidi.

Lakini skiza, kuna kosa kubwa base nyingi. Msee anaskia kla-kla, anakaza cheni mpaka inakuwa kama waya ya gitaa. Anaskia kimya, anafurahi. Alafu anabeba watu wawili na gunia ya viazi. Uzito ukishuka, gurudumu la nyuma linapanda, na umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka. Cheni haina pa kuenda. Inavuta beringi ya giaboksi kwa nguvu, inajivuta yenyewe, inakula meno ya sproketi. Ulikuwa na shida ya dakika kumi, sasa umejinunulia shida ya kufungua injini. Cheni iliyokaza sana ni mbaya kuliko iliyolegea kidogo.

Ukimaliza kukaza, angalia alama za pande zote mbili za ekseli zilingane. Gurudumu likikaa upande, sproketi inaliwa upande mmoja na kelele mpya inaanza.

2. Kriii-kriii kama kitanda cha zamani

Cheni imekauka. Mvua ya jana imeosha oili yote, ama vumbi ya barabara za ndani imejaa. Wengi tunamwaga oili chafu ya injini juu yake tunasema imeisha hiyo. Shida ni kwamba oili chafu ikichanganyika na vumbi inakuwa kama msasa. Unasaga cheni yako mwenyewe kila siku.

Fanya hivi: injini imezimwa, sugua cheni na brashi na mafuta taa kidogo, panguza na kitambaa, wacha ikauke, alafu paka oili ya gia ama ile ya cheni upande wa ndani, mahali inagusana na sproketi. Zungusha kwa mkono. Panguza ile imebaki juu. Saa nzuri ni jioni ukitoka kazi, cheni ikiwa na joto, ndio oili iingie ndani na ikae usiku. Usiguse tairi na breki na oili hata kidogo.

3. Tak! Tak! ukifungulia mafuta ama ukipanda mlima

Hii ni hatari. Cheni inaruka meno. Angalia sproketi ya nyuma: meno mapya yana umbo sawa pande zote. Yaliyoisha yamepinda kama ndoano ama yamechongoka kama ya papa. Kipimo kingine: shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ivute kuelekea nyuma. Ikiinuka mpaka unaona kama nusu ya jino, imeisha.

Na usibadilishe cheni peke yake. Cheni mpya kwa sproketi ya zamani ni kama kuvaa soksi mpya ndani ya kiatu chenye msumari. Sproketi iliyoisha itaimaliza hiyo cheni haraka. Nunua seti: cheni, sproketi ndogo, sproketi kubwa. Inauma mara moja, badala ya mara tatu.

4. Du! ukiachilia klachi, du! tena ukifunga mafuta

Kama nduthi inakupiga teke nyuma kila ukianza kutoka, shuku raba za habu. Weka stendi ya kati, zima injini, shika gurudumu lisisonge kwa mkono mmoja, jaribu kutingisha sproketi kubwa mbele na nyuma kwa mkono mwingine. Ikicheza sana, raba zimekufa.

Hii ndio spea tunapenda kukutajia juu bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na klachi, na wasee wengi wamefunguliwa injini kwa sababu yake. Kuna mafundi hukata vipande vya tyubu ya zamani wakavijaza hapo ndani. Itakufikisha nyumbani. Haitakufikisha mwisho wa mwezi.

5. Wuuuuuu inayopanda na mwendo

Sauti kama ndege iko mbali, inaongezeka vile unaongeza spidi, na haijali kama umevuta klachi ama hujavuta. Mara nyingi hiyo ni beringi ya gurudumu. Wakati mwingine inabadilika ukilaza nduthi kidogo upande huu ama ule. Usiichezee. Beringi ikivunjika ukiwa Outering na lori iko nyuma yako, hutapata nafasi ya kuiambia samahani.

6. Injini inapiga kelele lakini nduthi haisongi

Hapa sasa ndio klachi yenyewe inaongea. Unafungulia mafuta, injini inapanda "wiiii", lakini mwendo uko palepale. Unaskia harufu ya kitu kimeungua. Pleti zinateleza. Kuthibitisha, ukiwa gia ya juu kwa mwendo wa kawaida kwa barabara tupu, fungulia mafuta kwa nguvu. Kama injini inaruka juu na mwendo haufuati, klachi inateleza.

Lakini bado usifungue injini! Angalia kebo kwanza. Leva inafaa icheze kidogo kabla ianze kuvuta klachi, kwa nduthi nyingi kama sentimita 1 mpaka 2 kwa ncha ya leva. Kama haichezi kabisa, kebo inavuta klachi saa zote, ni kama mtu ameweka mkono hapo siku nzima. Legeza kebo, jaribu tena. Kuna klachi zimetupwa zikiwa nzima kwa sababu ya hii nati moja.

7. Klang! ukiingiza gia ya kwanza

Klak ndogo ni kawaida, hasa asubuhi oili ikiwa baridi na pleti zimeshikana. Lakini kama inapiga klang kila mara, nduthi inajivuta mbele hata umefinya leva yote, na kupata free ni vita, klachi haiachani vizuri. Hapa ni kinyume cha ile ya juu: kebo imelegea sana ama inakaribia kukatika. Kaza, paka oili, ama badilisha kebo. Ikikataa, ndio sasa pleti zikaguliwe kama zimepinda.

Oili: adui wa kimya kimya

Tulisema klachi inaoga kwa oili ya injini. Kwa gari nyingi si hivyo, klachi iko nje ya oili. Ndio maana oili nyingi za gari za kisasa zimewekwa dawa ya kupunguza msuguano ndio gari ikule mafuta kidogo. Kwa gari ni poa. Kwa klachi ya nduthi inaweza kuwa balaa, juu klachi inaishi kwa msuguano. Ukimwaga hiyo oili, pleti zinaweza kuanza kuteleza kama mtu amevaa slippers kwa matope ya Dandora.

Kwa hivyo ukinunua oili usiangalie namba ya uzito peke yake. 20W-50 inakuambia tu ni nzito kiasi gani. Angalia kama mkebe umeandikwa JASO MA ama JASO MA2. Hicho ni kipimo kilichoundwa Japani kwa sababu ya klachi za pikipiki kama yako. Na kama mkebe unaonekana umefunguliwa ama kizibo hakina sili, rudisha.

Tabia yako pia inahesabika. Kwa jam ya Jogoo Road, wengi tunakaa na leva nusu, tunajikokota polepole badala ya kusimama. Kila sekunde ya leva nusu ni pleti zinasagana na kuchemka. Kama unasimama, weka free. Kama unaenda, achilia leva yote. Na usishikilie nduthi kwa mlima na klachi, breki ziko hapo kwa kazi hiyo.

Na kama hauna klachi ya mkono?

Wale wa skuta za kupeleka chakula, zenu hazina cheni ya nje wala leva ya klachi. Zina mkanda unaozunguka kati ya puli mbili zinazojifungua na kujifunga zenyewe. Mfumo huo huo ndio unatumika kwa pikipiki za theluji kule Canada. Ukiskia inatetemeka na kulia "grrr" wakati wa kuanza kutoka, angalia klachi ya nyuma. Ukiskia mkwaruzo unaozidi na mwendo unapungua, uliza kuhusu mkanda na zile rola za puli ya mbele. Mkanda ukikatika umesimama, hakuna njia ya mkato.

Na wale mmeingia upande wa nduthi za stima: nyingi zenu hazina hata klachi. Lakini kama yako ina cheni, namba 1, 2 na 3 hapo juu bado ni zako. Tena juu mota iko kimya, utaskia cheni mapema kuliko mwenye Boxer. Hiyo ni bahati, itumie.

Saa ya kusimama, si ya kupima

Kuna kelele za kupanga Jumapili na kuna kelele za kusimama saa hii. Simama kama cheni inaruka meno, kama gurudumu la nyuma linacheza, ama kama sauti ya chuma kwa chuma imeanza ghafla na inazidi. Cheni ikitoka inaweza kujifunga kwa gurudumu la nyuma likakwama ukiwa kwa mwendo, ama ipasue kifuniko cha injini. Hapo si spea tena tunaongelea. Ni yule mathe nyuma, na watoto wanaomngojea nyumbani. Mwambie ukweli, mtafutie mwenzako amfikishe. Abiria aliyeambiwa ukweli atakupigia simu kesho. Aliyeangushwa hatapiga.

Ukifika kwa fundi

Mafundi wengi ni watu wa kazi safi, na fundi mzuri atafurahi ukimletea habari badala ya "iko na kelele tu". Mwambie hivi: "Inalia nikiwa natembea, hata nikivuta klachi. Ikiwa free imesimama iko kimya." Sentensi mbili tu, na tayari anajua aanzie wapi. Pia anajua huyu mse si wa kuingizwa box.

Alafu kuna sheria nne za base. Moja, mwambie akuonyeshe shida kabla afungue injini, si baada. Mbili, aanze na kitu rahisi: kebo, cheni, raba, oili, alafu ndio injini. Tatu, spea ya zamani unabaki nayo. Pleti za klachi zilizoungua zinaonekana, za chuma zinageuka rangi kama bluu na zile zingine zimekuwa nyembamba na zinanuka moshi. Kama alizotoa zinakaa kama mpya, uliza maswali. Nne, ulizia bei maduka matatu kabla ulipe, iwe ni Kirinyaga Road ama hapo Kariobangi.

Na kila Jumapili, kabla uoshe nduthi ing'ae, ipe dakika kumi. Vuta leva, skiza. Zungusha gurudumu, skiza. Sukuma cheni, pima. Nduthi haianguki ghafla kama watu wanavyosema. Huwa inaongea wiki nzima, shida ni kwamba sisi tunaongeza sauti ya redio.

Kwa hivyo kesho asubuhi ukiskia kla-kla pale Jogoo Road, usianze kupiga hesabu ya klachi. Ukishamfikisha mathe Gikomba, ingia kando mahali salama, weka free, skiza. Ikiwa kimya, zima injini, inama, guza cheni yako. Pengine shida yote iko hapo, inangoja spana mbili.

Mtumie hii yule jamaa wa base yenu ambaye kila kelele kwake ni "klachi". Mnamjua.